Mtoto wa mbwa na kuku wa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni kwa wanaofuga kuku uani, kumi au hamsini, wanaoachiwa mchana na kufungiwa usiku, na ambao wameleta au wanataka kuleta mtoto wa mbwa. Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: kwa mbwa, kukimbiza kuku ni mchezo mtamu kuliko nyama utakayompa. Akiuonja mara tatu nne, hahitaji mtu wa kumfundisha mara ya tano. Kwa hiyo kazi ya mwaka wa kwanza ni kumnyima nafasi ya kukimbiza na kumlipa kila anapotulia. Adhabu haina kazi kubwa hapa.

Nimlete akiwa na umri gani?

Wiki 8. Kabla ya hapo bado anajifunza kwa mama na ndugu zake namna ya kuuma bila kuumiza, na mbwa aliyekosa somo hilo hukamata kuku kwa nguvu asizozipima. Kati ya wiki ya 3 na wiki ya 12 hadi 14, mbwa hupokea viumbe wapya kama sehemu ya kawaida ya maisha yake; baada ya hapo kila kipya ni cha kutiliwa shaka au cha kukimbizwa. Ukimchukua akiwa na wiki 8 unabakiwa na wiki nne hadi sita za kipindi hicho. Usizipoteze ukisubiri "akue kidogo".

Unapokwenda kumchagua, mtazame mama yake. Mama anayepita katikati ya kuku bila kugeuza kichwa amekwisha kukufanyia nusu ya kazi, kwa sababu watoto wake wamefungua macho na kuku wako pale pale. Ukipewa mbwa wa miezi mitano au sita bado inawezekana, ila kamba itakaa mwilini mwake muda mrefu zaidi.

Kuna aina za mbwa zinazofaa kuliko nyingine?

Zipo, lakini watu huipa aina uzito kupita kiasi. German Shepherd, ambaye amejaa Nairobi na Dar es Salaam, ametoka kwenye ukoo wa wachunga kondoo: hufundishika haraka, ila miguu yake huwashwa kila kitu kinapokimbia. Mbwa wa jamii ya terrier walizalishwa kuua panya na wanyama wa mashimoni, nao ndio wagumu kuliko wote. Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, ni mwindaji. Usitegemee awe mlinzi wa vifaranga. Kangal wa Uturuki na Maremma wa Italia walizalishwa kukaa na mifugo. Katika kisiwa cha Middle Island, Australia, Maremma walianza kutumiwa mwaka 2006 kulinda pengwini wadogo dhidi ya mbweha. Hata hao, wakiwa wachanga, huua kuku kwa michezo.

Mbwa wetu wa kienyeji hatabiriki kwa ukoo, basi mpime mwenyewe. Burura kitambaa mbele ya kila mtoto. Anayekifuata, akakinusa na kukuachia ukikivuta, ni mwepesi. Anayekidaka, akakitikisa kichwa huku na huku na kukataa kuachia, anafundishika pia, ila atakutoa jasho.

Ameshiba kabisa, mbona anaua kuku?

Kwa sababu uwindaji wa mbwa hauanzii tumboni. Una mfululizo wake: kukodoa macho, kunyatia, kukimbiza, kudaka, kuua, kula. Kwa mbwa wengi wa nyumbani sehemu ya mwisho imefifia lakini ya kukimbiza na kudaka imebaki kamili. Ndiyo maana unakuta kuku wanne wamelala uani, hakuna aliyeliwa, na wengine hawana hata jeraha. Wamekufa kwa kubanwa mbavu au kwa mshtuko. Mbwa alikuwa anacheza. Kila kuku alipoacha kurukaruka, mchezo uliisha, akamfuata mwingine.

Kumshibisha kunasaidia jambo moja tu: mbwa mwenye njaa kali hawezi kutulia wakati wa mafunzo. Hadi miezi 4 apewe chakula mara tatu au nne kwa siku, hadi miezi 6 mara tatu, kisha mara mbili.

Nahitaji vifaa gani?

Si vingi. Mkanda wa shingoni na kamba fupi ya mita 1.5. Mkanda wa kifuani, na kamba ndefu ya nailoni ya mita 8 hadi 10, unene wa milimita 6 hadi 8, isiyo na fundo wala kitanzi mwishoni ili isinase kwenye mawe na vigingi. Kamba ndefu ifungwe kwenye mkanda wa kifuani tu. Mbwa akitoka mbio kisha akasimamishwa ghafla na kamba ya shingoni, shingo inaumia. Na usiishike kwa mkono mtupu. Nailoni ikiteleza inachuna ngozi. Ikanyage kwa kiatu.

Kizuizi kati yake na kuku ni wavu. Wavu mwembamba wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, unazuia kuku kutoka lakini mbwa wa kilo 15 anauchana kwa meno. Upande ambao mbwa anafika, tumia wavu mzito wa chuma, ule mafundi wanaouita weldi meshi, wenye urefu usiopungua mita 1.5, na uufukie ardhini sentimita 30 kwa sababu akishindwa kuruka atachimba.

Zawadi ziwe ndogo kama punje ya harage: maini yaliyochemshwa, mapafu ya ng'ombe yaliyokaushwa, au dagaa walioloweshwa maji kupunguza chumvi. Kwa siku zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake.

Wiki ya kwanza nifanye nini hasa?

Kibanda cha mbwa kiwekwe karibu na banda la kuku, wavu ukiwa katikati, ili harufu na kelele zao ziwe kitu cha kila siku. Asilale ndani ya banda lao.

Mara mbili au tatu kwa siku, mlete kwenye wavu akiwa na kamba fupi, dakika tano tu kila mara. Chagua saa kuku wametulia, mchana wanapojichimbia vumbini kivulini, si asubuhi wakiwa na njaa. Simama umbali ambao anawaona kuku lakini bado anakula kitu mkononi mwako. Kwa wengine ni mita 5, kwa wengine 15. Akikataa dagaa huku macho yamekwama kwa kuku, umesogea mno, rudi nyuma.

Akimtazama kuku, kaa kimya. Akigeuza kichwa, hata kidogo, hata kwa bahati, sema "safi" na mpe zawadi papo hapo. Ndani ya siku tatu nne ataanza kumtazama kuku kisha kukugeukia wewe haraka, akidai malipo yake. Hapo sogea hatua moja mbele.

Kosa la kawaida ni kumbeba mtoto wa mbwa na kumsukumizia kuku usoni "wazoeane". Kuku anapiga mbawa, mbwa anashtuka au anasisimka, na yote mawili ni mwanzo mbaya.

Neno "acha" linafundishwaje?

Ndani ya nyumba kwanza, mbali na kuku. Fumbata dagaa mkononi, mwache mbwa alambe na kukwaruza ngumi. Usiseme kitu. Akirudisha pua nyuma tu, sema "safi" na mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Mkono wa pili ndio siri: ukimpa kile kile alichokatazwa, anajifunza kusubiri kidogo kisha anyakue, na kwa kuku hilo hulitaki. Rudia mara kumi, pumzika, rudia jioni.

Anapoanza kurudi nyuma bila kuhangaika, anza kusema "acha" kabla ya kumwonyesha ngumi. Kisha dagaa juu ya kiganja kilicho wazi. Kisha sakafuni, mguu wako ukiwa tayari kukifunika. Kisha kitambaa kinachoburutwa kwa uzi, kwa sababu kuku hatakaa kama dagaa. Akikiachia kitambaa kinachokimbia mara nane katika kumi, nenda naye kwa kuku.

Watu wote wa nyumbani watumie neno moja. Baba akisema "acha", dada "toka we" na watoto "no", mbwa anasikia kelele tatu tofauti. Na lisitamkwe mara tano mfululizo. Likitamkwa mara moja na asitii, kamba ifanye kazi: mvute taratibu, mwondoe, umrudishe umbali anaoumudu.

Ninamwingizaje kati ya kuku?

Kwa kawaida kati ya wiki ya 10 na 12, na kwanza mtembeze kidogo ili apunguze nguvu. Chagua kuku wawili au watatu wakubwa, watulivu, wanaomzoea mtu. Kuku wa mayai wa kisasa wanafaa hapa kuliko kuku wa kienyeji wanaoruka kwa kila kivuli. Wamwagie chenga za mahindi ili wabaki wanadonoa. Kaa chini kwenye kigoda, mbwa kando yako akiwa na kamba fupi iliyolegea. Kamba iliyokazwa wakati wote humfanya mbwa asukume kifua mbele, na msisimko unapanda.

Mlipe kwa kulala chini, kunusa ardhi, kukutazama, kupiga miayo. Usimlipe kwa kumlamba wala kumnusa kuku mkiani. Watu huona kinapendeza, lakini kunusa mkiani ndiko kunakogeuka kudaka manyoya. Dakika tano hadi kumi, kisha ondoka naye angali ametulia.

Zikipita kama wiki mbili bila purukushani, badilisha: kamba ndefu, akiiburura mwenyewe, wewe ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ncha yake. Hapa ndipo wengi huharakisha. Mbwa aliyetulia kwenye kamba ya mita 1.5 hajathibitisha lolote kuhusu kuku anayekimbia mita 8 mbele yake, basi leta mbio kwa makusudi ukiwa umejiandaa: mtu mwingine awaite kuku kwa chakula, wapite mbio, nawe mlipe mbwa kila anapobaki mahali.

Nitajuaje kwamba ametulia kweli na si kwamba anavizia?

Mtazame mwili mzima, usiishie mkiani. Aliyetulia ana mdomo uliofunguka kidogo, masikio yanayogeuka huku na huku, anatupa jicho kwa kuku kisha anaendelea na mambo yake. Anayevizia hunyamaza. Mdomo unafungwa, mwili unakakamaa, mguu mmoja wa mbele unainuka, macho hayapepesi. Wengine hutetemeka au kulia kwa sauti nyembamba. Mkodoo ukizidi sekunde mbili au tatu, mwite kabla hajaondoka. Akishatoka mbio, neno lako halimfikii tena.

Lini nitamwacha nao peke yake?

Si kabla ya mwaka mmoja, na wengi ni mwaka na nusu. Mbwa wa miezi sita aliye mtiifu mbele yako hajamaliza kukua. Kabla ya kumwachia kabisa, jifiche: mwache na kamba ndefu, wewe ukiangalia kutoka dirishani, dakika kumi, kisha ishirini, kisha saa. Mwezi mzima bila kukimbiza hata mara moja ndicho kipimo. Akikimbiza mara moja, hesabu inaanza upya.

Mchana kutwa hana neno, lakini asubuhi banda likifunguliwa anawatawanya. Kwa nini?

Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mbwa amekesha analinda, damu inachemka. Kijana anafungua mlango, kuku thelathini wanatoka kwa kusukumana na kupiga mbawa. Hata mbwa mzuri hulewa hapo. Mfunge kabla ya kufungua banda, wape kuku nusu saa watawanyike na kuanza kuchakura, mlishe mbwa, kisha ndipo umtoe. Anayefungua banda ndiye anayefunga mbwa. Kazi hizi mbili zikipewa watu wawili, siku moja mmoja atasahau.

Mpangilio kama huo unahusu pia kukamata kuku wa mboga. Watoto wakimkimbiza jogoo uani kwa vifijo, mbwa anajiunga, na hakuna atakayemweleza kwamba leo ni ruhusa na kesho si ruhusa. Kuku akamatwe usiku akiwa amelala kwenye kitulio, au mbwa afungiwe kwanza.

Sisi humfunga mnyororo mchana na kumwachia usiku. Kuna ubaya?

Kwa kuku, upo. Mbwa wa namna hiyo huwaona kuku kutwa nzima wakipita umbali asioufikia, anabweka, anavuta, hamu inajikusanya. Hajawahi hata siku moja kujifunza kukaa nao. Mnyororo ukikatika mchana mmoja, analipiza yote. Ikiwa lazima afungwe, afungwe upande asikowaona kuku, na apate vipindi vyake viwili vya mafunzo kila siku bila kukosa.

Amekwisha mdaka kuku. Nifanye nini sasa hivi?

Usipige kelele na usimkimbilie. Kwake huko ni kushindana, atabana meno zaidi au atakimbia na kuku. Usimvute kuku, utamchana. Kanyaga kamba. Sogea polepole, mwekee zawadi nzito puani, kipande kizima cha maini, na usubiri aachie. Asipoachia, shika mkanda kwa utulivu bila kuvuta. Wengi huachia mchezo ukikosa mwendo. Kisha mwondoe eneo hilo bila matusi wala kipigo. Somo halimo katika dakika hiyo. Limo katika kujua kamba ilikuwa wapi.

Kuku achunguzwe kwa kupuliza manyoya pembeni, kwa kuwa tundu la jino huonekana dogo juu huku ndani limezama. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, paka iodini, mweke kwenye boksi lenye joto na giza kidogo. Atengwe na wenzake. Wakiona damu watamdonoa. Akipewa antibiotiki, mayai na nyama yake visiliwe hadi muda ulioandikwa kwenye dawa upite. Mwenye kuamua kumchinja afanye mara moja, na sehemu iliyong'atwa itupwe. Kwa Waislamu, hukumu ya mate ya mbwa aulizwe shehe.

Tumeambiwa tumfungie kuku aliyekufa shingoni hadi aoze. Inafanya kazi?

Haifanyi. Mbwa haunganishi mzoga wa siku tatu na mbio za Jumatatu. Anachojifunza ni kuzoea harufu ya kuku mdomoni, na wengine huula. Mzoga unaooza pia hubeba bakteria wenye sumu kali. Kumpiga kwa kuku aliyekufa ni hivyo hivyo: hujifunza kukuogopa wewe, kisha huwinda ukiwa haupo. Kwa Tanzania ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili wa aina hii.

Amezoea kuku wakubwa. Vifaranga je?

Vifaranga ni somo jipya. Ni wadogo, wanalia kwa sauti nyembamba kama panya, wanatimka ovyo; kwa macho ya mbwa hao si kuku. Rudi mwanzo kabisa: wavu, umbali, dakika tano. Na vifaranga wasipungue wiki 8 kabla ya kuwa naye bila kizuizi.

Kuku mwenye vifaranga naye ni hatari kwa mtoto wa mbwa. Humrukia usoni na kudonoa macho, na jogoo mkali hupiga kwa kucha za nyuma. Watu husema "mwache adonolewe, atashika adabu". Wapo wanaoshika adabu, wapo wanaopoteza jicho, na wapo wanaokua wakiwa na kisasi. Usiifanye kuwa mbinu.

Nikimpa utumbo, vichwa na miguu ya kuku, si atajifunza kula kuku?

Nyama iliyochemshwa kwenye bakuli hailetwi na mbio, kwa hiyo haimfundishi kuwinda. Chemsha ili kuua bakteria wa salmonela na mayai ya minyoo, na toa mifupa: mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Kinachomfundisha ni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni kuchinja mbele yake, kuku akirukaruka na damu, kisha kumtupia kichwa chenye manyoya. Mfungie ndani hadi pawe pamesafishwa. Cha pili ni mizoga. Mdondo ukipita, au kideri kama wengine wanavyouita, kuku waliokufa hutupwa jalalani, mbwa anawafukua, na hapo anajua kwamba ndani ya manyoya mna nyama. Tena anaibeba mizoga hiyo hadi kwa kuku wazima na kueneza ugonjwa. Choma mizoga, au ifukie kina cha mita moja na kuweka mawe juu.

Anakula mayai.

Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku. Kuku wengi hutaga asubuhi, kwa hiyo zamu ya saa nne ndiyo muhimu. Viota viinuliwe zaidi ya mita moja, na mlango wa banda uwe mdogo, wa kuku kupita na mbwa kukwama mabega. Yai lililojazwa pilipili ni maarufu, lakini mbwa wengi hujifunza kulinusa kwanza, wachache hulipenda. Yai lililopasuka lisitupwe uani.

Je, kuku wanaweza kumwambukiza magonjwa?

Kinyesi cha kuku kina bakteria wa salmonela na kampilobakta, nao humharisha mtoto wa mbwa na watu wa nyumbani pia. Zoa kinyesi mahali anapochezea, osha mikono, tenganisha vyombo. Koksidia wa kuku, vimelea vya utumboni, hawamwambukizi mbwa.

Linalosahaulika ni chakula cha kuku chenye kinga ya koksidia. Monensini, salinomaisini na lasalosidi, ambazo huwekwa katika baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama na vifaranga, ni sumu kwa mbwa: miguu ya nyuma hulegea, kisha anashindwa kusimama. Magunia yakae ndani ya pipa lenye mfuniko, na chombo cha chakula cha vifaranga kiwe mahali asipofika. Akishakula na kuanza kuyumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo ukiwa na lebo ya gunia.

Viroboto wanaong'ang'ania kwenye upanga na kandokando ya macho ya kuku hupanda pia kwa mbwa, hasa kingo za masikio na katikati ya vidole. Watibu wote pamoja na banda. Lakini usimpake mtoto wa mbwa unga wa dawa ya kuku kwa kukisia. Wenye kabarili, sumu ya kuua wadudu, ukizidi humfanya atokwe mate na kutetemeka. Uliza kipimo kwa uzito na umri wake. Sumu ya panya isiwekwe kabisa karibu na banda: mbwa hula panya aliyekufa nayo.

Na chanjo?

Chanjo za pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila wiki tatu hadi nne mpaka wiki ya 16. Hadi hapo asizurure mtaani. Uani kwako na kuku wako ndiko darasani kwake. Kichaa cha mbwa ni akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki 12, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Kuku wapate chanjo ya mdondo. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni kila miezi mitatu.

Nichukue watoto wa mbwa wawili ili wacheze wao kwa wao?

Hapana, kama una kuku walio huru. Wawili huchocheana. Mmoja akigeuka kuangalia, wa pili ametoka mbio, na wa kwanza hawezi kubaki. Maliza kumfundisha mmoja, mlete wa pili mwaka unaofuata, na mfundishe peke yake. Ndugu wawili wa tumbo moja ni mara tatu ya kazi.

Alikuwa malaika, amefikisha miezi minane ameharibika.

Ni ujana. Kati ya miezi 6 na 18 miili na nguvu huzidi akili, na yale maneno aliyoyajua anayasikia pale anapopenda. Hajasahau. Rudisha kamba ndefu, rudisha zawadi, ongeza matembezi, punguza uhuru. Wanaoshindwa hapa ni wale waliokwisha iweka kamba darini.

Bata, kanga na bata mzinga?

Bata huzoeleka upesi kwa kuwa hutembea kwa kundi na hawaruki ovyo. Kanga ni kinyume: kelele, mbio, na kuruka hadi juu ya paa. Mfundishe kwa kuku kwanza, kanga mwishoni. Kila aina huanza na wavu.

Atawalinda dhidi ya mwewe na kicheche?

Kicheche, fungo na nguchiro huepuka ua wenye harufu na sauti ya mbwa, na usiku mbwa aliyelala kando ya banda ni kengele nzuri. Mwewe ni habari nyingine. Wapo mbwa wanaojifunza kubwekea angani, ila usiwaache vifaranga wazi kwa matumaini hayo. Waweke chini ya wavu au kivuli kizito. Na mbwa haondoi haja ya kufunga mlango wa banda jua likizama.

Kuna mbwa wasiofundishika kabisa?

Wapo ambao hawatakuwa salama bila mtu kuwepo, hasa waliokwisha ua mara kadhaa au waliofundishwa kuwinda sungura na digidigi. Kwa hao usihesabu miezi. Jenga uzio wa kudumu, milango miwili inayofuatana kwenye njia ya kuku ili mmoja ukisahauliwa wa pili uwe umefungwa, na mpe mbwa upande wake wa ua. Akitoka akaua kuku wa jirani, lipa bila ubishi siku hiyo hiyo, kisha tafuta tundu alilopitia.